Edward Lowassa

Edward Ngoyai Lowassa (26 Agosti 1953 – 10 Februari 2024) alikuwa mwanasiasa wa Tanzania kutoka Monduli, mkoa wa Arusha. Alikuwa Waziri Mkuu kuanzia tarehe 30 Desemba 2005 hadi alipojiuzulu mwezi Februari 2008. Mwaka 2015 alihama Chama cha Mapinduzi (CCM) na kugombea urais kwa tiketi ya CHADEMA, kisha akarudi CCM mwaka 2019.

Maisha ya awali na elimu

Lowassa alizaliwa Monduli, magharibi mwa jiji la Arusha, katika familia ya Kimasai. Alisoma shule ya msingi Monduli, halafu Shule ya Sekondari Arusha na Shule ya Sekondari Milambo, Tabora. Alipata shahada ya kwanza katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1977, na shahada ya uzamili katika masomo ya maendeleo kutoka Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, mwaka 1984. Alilitumikia jeshi katika Vita vya Kagera (1978–1979).

Bunge na uwaziri

Mwaka 1989 aliteuliwa kuongoza Kituo cha Mikutano cha Kimataifa cha Arusha (AICC). Aliingia bungeni mwaka 1990, na baadaye aliliwakilisha jimbo la Monduli hadi mwaka 2015. Mwaka 1995 aliomba kuteuliwa na CCM kugombea urais, lakini jina lake halikupita. Aliyeteuliwa ni Benjamin Mkapa.

Kati ya wizara alizoziongoza ni Ardhi (1993–1995) na Maji na Maendeleo ya Mifugo (2000–2005). Akiwa Waziri wa Maji alisimamia mpango wa kuyapeleka maji ya Ziwa Viktoria katika miji ya Kahama na Shinyanga.

Waziri Mkuu

Rais Jakaya Kikwete alimteua Lowassa kuwa Waziri Mkuu baada ya uchaguzi wa 2005. Alikuwa mtu wa pili kutoka Monduli kushika wadhifa huo, baada ya Edward Moringe Sokoine aliyefariki mwaka 1984. Alihimiza ujenzi wa shule za sekondari za kata, ambazo wananchi walichangia kwa fedha na nguvu kazi. Shule hizo ziliongeza sana nafasi za kidato cha kwanza, ingawa nyingi zilianza zikiwa na upungufu mkubwa wa walimu, vitabu na maabara.

Kashfa ya Richmond

Mwaka 2006 ukame ulipunguza maji katika mabwawa ya kuzalisha umeme, na mgawo mkali ukaanza nchini. Serikali iliipa kampuni ya Richmond mkataba wa umeme wa dharura wa megawati 100, lakini umeme huo haukupatikana kwa wakati. Bunge liliunda kamati teule chini ya mwenyekiti Harrison Mwakyembe. Taarifa yake, iliyosomwa Februari 2008, ilihusisha ofisi ya Waziri Mkuu na upatikanaji wa mkataba huo.

Tarehe 7 Februari 2008 Lowassa alitangaza bungeni kwamba anajiuzulu. Alikana kosa na kulalamika kwamba kamati haikumpa nafasi ya kujieleza. Rais alilivunja Baraza la Mawaziri na kumteua Mizengo Pinda. Lowassa hakushtakiwa mahakamani, lakini jina la Richmond liliendelea kumfuata kisiasa.

Uchaguzi wa 2015

Mwezi Mei 2015 alitangaza nia ya kugombea urais katika Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha. Mwezi Julai vikao vya CCM mjini Dodoma vililikata jina lake, na John Magufuli akateuliwa. Siku chache baadaye Lowassa alijiunga na CHADEMA, akawa mgombea wa umoja wa vyama vya upinzani, UKAWA. Hatua hiyo iliwagawa wapinzani, kwa kuwa CHADEMA ndiyo iliyokuwa imemtaja kwa ufisadi miaka iliyotangulia. Katibu mkuu wake, Wilbrod Slaa, aliachana na chama.

Magufuli alitangazwa mshindi kwa asilimia 58.46, Lowassa alipata asilimia 39.97, yaani kura 6,072,848. Upinzani ulikataa matokeo, lakini Katiba hairuhusu matokeo ya urais kupingwa mahakamani. Mkoani Arusha CHADEMA ilishinda majimbo sita kati ya saba, likiwemo Monduli; Ngorongoro pekee ilibaki CCM.

Miaka ya mwisho

Lowassa alirudi CCM tarehe 1 Machi 2019. Mwaka 2020 mwanawe, Fredrick Lowassa, alichaguliwa mbunge wa Monduli kwa tiketi ya chama hicho. Lowassa alifariki tarehe 10 Februari 2024 katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, akiwa na umri wa miaka 70. Alizikwa kijijini Ngarash, Monduli, tarehe 17 Februari.