AFYA YAKO: KWA NINI WAKONGWE HUWASHINDA VIJANA?

Hapa Kalangalala utamsikia mtu wa miaka arobaini akisema, "Mimi sasa mzee, kukimbia ni kwa vijana." Mwenzake wa umri huo huo huingia uwanjani Jumapili kucheza mpira wa maveterani bila maandalizi yoyote, na Jumatatu hawezi kushika jembe. Wote wawili hawajaelewa namna mwili unavyozeeka.

Tuwatazame wanamichezo. Katika tenisi, watu wawili hupigiana mpira mdogo kwa raketi juu ya wavu, pengine kwa saa tatu au nne. Ungedhani ni mchezo wa vijana peke yao. Lakini Novak Djokovic wa Serbia alipata medali ya dhahabu ya Olimpiki mjini Paris mwaka 2024 akiwa na miaka 37. Aliyemshinda katika fainali alikuwa Carlos Alcaraz wa Hispania, kijana wa miaka 21.

Hata kwetu Afrika Mashariki mifano ipo. Eliud Kipchoge wa Kenya aliweka rekodi ya dunia ya marathoni mjini Berlin mwaka 2022 akiwa na miaka 37. Alikimbia kilomita 42 na zaidi kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 9. Mtanzania mwenzetu Alphonce Simbu alipata medali ya shaba ya dunia mjini London mwaka 2017. Hakukata tamaa. Miaka minane baadaye, mjini Tokyo mwaka 2025, akapata dhahabu akiwa na miaka 33.

Je, watu hawa hawazeeki? Wanazeeka kama wewe. Mtu akipita miaka thelathini, misuli huanza kupungua polepole. Moyo hauwezi tena kupiga kwa kasi ya ujana. Akiumia, hupona taratibu. Lakini anayeutumia mwili wake kwa kipimo huchelewesha mambo hayo, na anayekaa tu huyaharakisha.

Neno kubwa hapo ni kipimo. Roger Federer wa Uswisi alikaa nje ya mashindano kwa miezi sita mwaka 2016 kwa sababu ya goti. Mwaka 2017 aliyaacha mashindano yote ya viwanja vya udongo ili mwili upumzike. Julai mwaka huo alishinda Wimbledon, Uingereza, bila kupoteza hata seti moja. Alikuwa na miaka 35. Kijana hutegemea nguvu, lakini mkongwe hujua lini aitumie na lini aiweke akiba.

Sasa jiulize: wewe uko kundi gani?

Mkulima na mchimbaji wa dhahabu hufanya kazi nzito kila siku. Mara nyingi wanachokosa ni mapumziko, maji ya kutosha, usingizi na mlo wenye maharage, dagaa, mboga na matunda. Dereva wa bodaboda, mwenye duka na karani hukaa kutwa. Hao wanahitaji kutembea. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani angalau dakika 150 kwa wiki. Hiyo ni nusu saa kwa siku tano. Kutembea kwa haraka kunatosha.

Kama unataka kurudi uwanjani, fuata mambo haya:

1. Anza kidogo. Tembea kwa wiki kadhaa, ndipo ukimbie. Ongeza polepole.

2. Pasha mwili moto kwa dakika kumi kabla ya kucheza.

3. Ukiumia, pumzika na utibiwe. Usimeze dawa za maumivu ili uendelee kucheza. Dawa huficha maumivu, lakini jeraha linabaki na kuongezeka.

4. Kama umefikisha miaka arobaini, pima kwanza shinikizo la damu na sukari.

5. Kama umekohoa kwa wiki mbili au zaidi, nenda ukapimwe kifua kikuu. Wachimbaji wanaovuta vumbi la mawe wako katika hatari zaidi.

6. Acha sigara. Usinywe pombe kabla ya mchezo.

Kumbuka pia dalili za hatari: maumivu au kubanwa kifua, maumivu yanayopanda taya au kushuka mkononi, kukosa pumzi kusiko kwa kawaida, jasho la baridi, au kizunguzungu. Ukiona hata moja, acha kucheza papo hapo na upelekwe hospitali. Usione haya mbele ya wenzako. Mtu anaweza kufa kwa kusema, "Ngoja tumalize kipindi hiki."

Familia yako inakuhitaji ukiwa na miaka hamsini, sitini na sabini. Nguvu za siku hizo zinaanza kutunzwa leo. Mtu ni afya.