Mkono Uliopooza Nao Hupewa Mtihani

Huenda nyumbani kwako, au kwa jirani, yumo mtu aliyepatwa na kiharusi. Amerudi kutoka hospitali, aanza kutembea, lakini mkono mmoja unaning'inia tu. Basi ninyi, kwa huruma, mnamlisha na kumfunga vifungo. Mwezi haujaisha mmekwisha sema: "Mkono ule umekufa." Je, mliupima?

Mkono haukufa. Kilichoumia ni ubongo unaoutuma. Upande wa kushoto wa ubongo hutuma mkono wa kulia, na wa kulia hutuma wa kushoto. Ubongo waweza kujifunza tena, hasa miezi ya kwanza, ila hujifunza kwa kutenda.

Mwaka 1981 mtaalamu aitwaye Lyle alitangaza mtihani wa mkono, nao watumika hata leo katika nchi nyingi. Una majaribio 19. Mgonjwa huketi mezani, akaambiwa: shika kipande hiki cha mti, ukiweke juu ya rafu; mimina maji toka bilauri hii katika ile; okota gololi kwa kidole gumba na cha shahada; peleka mkono kinywani. Asiyeweza kabisa hupata 0; afanyaye sehemu tu, 1; amalizaye kwa taabu au kwa kukawia sana, 2; afanyaye sawasawa, 3. Jumla ni alama 57.

Faida yake ni nini? Aliyepata 0 jana na leo akapata 1 amesonga mbele, ingawa watu wa nyumbani hawakuona kitu. Tena mtihani huonyesha penye upungufu: huyu bega lainuka, ila vidole havishiki, basi afundishwe kushika.

Mtihani wenyewe ni kazi ya mtaalamu wa hospitali. Mwulizeni mgonjwa amefika wapi, na afanye mazoezi gani. Lakini nyumbani nanyi wekeni daftari. Mara moja kila juma, asubuhi kabla hajachoka, aketi vema. Mweke punje kumi za maharage: ametia ngapi kikombeni? Amimine maji baridi toka kikombe hiki hata kile. Andikeni. Msimsaidie wakati huo, wala msimcheke.

Jihadharini: msimwinue kwa kumvuta mkono ule, maana bega lililolegea huumia upesi. Na mkono uliokuwa ukiendelea vizuri ukilegea tena ghafula, msingoje kesho. Mpelekeni hospitali mara moja.

Si kila mkono utarudi kama zamani. Lakini usioutumia hautarudi. Kwa hiyo kesho asubuhi mwache ajaribu kifungo chake mwenyewe, hata kama uji utapoa. Juma hili punje mbili, juma lijalo tatu: haba na haba hujaza kibaba.