Tundu Moja la Ziada

Hadithi, hadithi!

Najua mtaitikia: hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Lakini leo, wajukuu zangu, uongo ubaki nje. Hadithi hii ni ya kweli tupu.

Sisi wa Ikola tumelelewa na Ziwa Tanganyika. Alfajiri mitumbwi inarudi na dagaa na migebuka. Mchana wavuvi wanakaa kivulini kushona nyavu. Basi mbali sana, nchini Venezuela, kuna ziwa liitwalo Maracaibo, nalo lina vijiji vya wavuvi kama sisi. Huko, watu wazima wenye nguvu zao walianza kurusharusha mikono na miguu bila kutaka. Walipepesuka njiani, ulimi ukawa mzito, fikra zikavurugika, mwisho hata kumeza kukawashinda. Miaka ya 1950, daktari Américo Negrette alipowaona mara ya kwanza alidhani wamelewa. Akaambiwa: hawa hawajanywa, ni wagonjwa. Alipowachunguza akautambua ugonjwa wa Huntington, ulioelezwa mwaka 1872 na daktari wa Marekani, George Huntington.

Baadaye akaja Nancy Wexler, mtafiti wa Marekani ambaye mama yake mzazi aliuawa na ugonjwa huohuo. Yeye na wenzake waliandika ukoo wa watu zaidi ya 18,000, na maelfu ya wanavijiji wakakubali kutolewa damu. Damu hiyo ilisaidia kuonyesha, mwaka 1983, mahali kosa lilipojificha katika vinasaba. Na mwaka 1993 jeni yenyewe, yaani kile kipande cha vinasaba chenye kosa, ikapatikana.

Kosa gani? Sikilizeni. Ndani ya karibu kila seli mna maandishi ya kuujenga mwili, ndivyo hivyo vinasaba, yaliyoandikwa kwa herufi nne tu. Katika jeni hii, herufi tatu, C, A na G, hujirudia: CAG, CAG, CAG. Watu wengi wana marudio yasiyofika 27, nao hawana shida. Mwenye 40 au zaidi, ugonjwa utamfikia akijaliwa umri mrefu. Na kila mtoto wa mgonjwa ana nusu ya uwezekano wa kurithi, awe wa kike au wa kiume.

Sasa mtauliza: Babu, kama kosa mtu amezaliwa nalo, mbona ana miaka 20 na anacheza mpira, kisha akikaribia 40 mwili unamwasi?

Mkumbukeni mshona nyavu. Wavu umechanika kidogo, naye anaurekebisha kwa nia njema, lakini kila akishona anaongeza tundu moja la ziada. Leo huoni tofauti. Miaka 30 ikipita, wavu ule hautambuliki. Seli nazo zina mafundi wao, protini zinazotengeneza vinasaba vilivyoharibika. Wakifika kwenye yale marudio marefu hukosea, wakaongeza CAG nyingine.

Januari 2025, watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard na Taasisi ya Broad huko Marekani walieleza walichokiona katika ubongo wa marehemu. Kwenye seli za ndani zinazosimamia miondoko, marudio hupanda polepole kutoka 40 na kitu hadi kama 80, na kazi hiyo huchukua miaka mingi sana. Wakati wote huo seli ni nzima. Marudio yakipita 80, mwendo huwa wa kasi. Yakipita 150, seli husahau kazi yake, kisha hufa. Seli hazifiki huko kwa pamoja. Hufa moja baada ya nyingine, na ndiyo maana mgonjwa hudhoofika hatua kwa hatua.

Dawa ya kuuponya bado haijapatikana. Lakini wataalamu sasa wanatafuta njia ya kumtuliza yule fundi, asiongeze matundu. Akitulia mapema, huenda seli zikaishi.

Ugonjwa huu upo hata kwetu Afrika. Kwa hiyo, wanangu, mkimwona mtu mzima anapepesuka, msimcheke, wala msiseme kalewa au kalogwa. Mshikeni mkono, na wakubwa wampeleke hospitali. Wale wavuvi wa Maracaibo waliodhaniwa walevi ndio walioufundisha ulimwengu mzima.