Kubana, Kubanwa na Kukaza: Lugha ya Mazoezi ya Sakafu ya Nyonga Baada ya Kiharusi

Kiharusi kinapodhuru sehemu za ubongo zinazoongoza kibofu, mgonjwa huweza kutokwa na mkojo kabla ya kufika msalani. Mojawapo ya tiba ni kuimarisha misuli ya sakafu ya nyonga, iliyotandaa chini ya kibofu toka kinena hadi kifandugu. Daktari Arnold Kegel wa Marekani alieleza mazoezi ya namna hii mwaka 1948.

Ugumu umo katika kuyaelekeza. Mtu hubanwa na mkojo; katika kauli hiyo ya kutendwa, mkojo ndio mtenda. Anayeubana naye huahirisha haja tu. Hivyo agizo "bana mkojo" laweza kumfanya mgonjwa akae na kibofu kilichojaa, au azoee kuukatiza mkojo njiani, jambo lisilofaa. Zoezi lenyewe hufanywa baada ya haja: misuli hukazwa na kuvutwa juu, kama ya mtu azuiaye ushuzi, pumzi ikiendelea, hushikiliwa sekunde chache, hadi 10 kadiri nguvu inavyoongezeka, kisha hulegezwa kabisa. Mikazo 10 hivi hurudiwa mara 3 kwa siku, kwa miezi 3 au zaidi.

Neno ushuzi lina ukakasi, na muuguzi huweza kukimbilia tasfida. Lakini kiharusi huweza kudhuru hata uelewa wa lugha, na mgonjwa wa aina hiyo hafumbui mafumbo. Afadhali "kaza, shikilia, legeza", kwa maneno yaleyale kila siku. Wala asiitwe kikojozi: neno hilo hutaja tabia, ilhali chanzo hapa ni jeraha la ubongo.