Kuku na Bugali Yetu: Tuwape Nafaka Gani?



Wengi wetu hapa Lac Vert tunajua shayiri kwa Biblia tu. Tumesoma habari za Ruthu aliyeokota masazo wakati wa mavuno ya shayiri, na za yule mtoto aliyekuwa na mikate mitano ya shayiri na samaki wawili. Lakini kuigusa kwa mkono, hapana. Ukisoma vizuri utaona hata zamani zile ilikuwa nafaka ya bei ya chini. Katika 2 Wafalme sura ya 7, fedha iliyonunua kipimo kimoja cha unga mzuri ilinunua vipimo viwili vya shayiri. Na farasi za Solomono zililishwa shayiri. Ndiyo kusema kulikuwa nafaka ya meza, na kulikuwa nafaka ya nyama wa kufuga.

Sisi hatuna tofauti hiyo. Kuku wetu na watoto wetu wanakula ndani ya gunia moja, na gunia hilo ni la muhindi.

Wakati muhindi iko mingi hakuna anayelalamika. Lakini mwaka 2022 vita ilikata barabara ya Rutshuru, na mwaka 2024 ile ya Sake vilevile, na kila mtu wa Goma anajua bei ilikwenda wapi. Siku moja mama alinikuta namwagia kuku muhindi, akasimama mlangoni na kuniuliza: «Weye, ni kuku banakusomesha, ama ni weye unabasomesha?» Sikuwa na jibu. Kweli mayai yalikuwa yanalipa minervali yangu, lakini wadogo zangu walikuwa wanakunywa uji mara moja kwa siku. Tangu siku hiyo nikaanza kutafuta namna gani kuku atakula bila kumnyang'anya mtoto.

Kwanza tuelewe kwa nini kuku wa Lac Vert anakula gharama kuliko kuku wa kijijini. Kule Masisi kuku anafunguliwa asubuhi, anachakura udongo, anapata wadudu, funza, mchwa na mbegu. Nafaka anayopewa jioni ni nyongeza tu. Hapa kwetu mahali pengi ni mawe ya volkano. Kuku anachakura jiwe, atapata nini? Basi vyote anavyokosa chini, mwenyewe lazima amtafutie.

Na vitu anavyohitaji ni hasa viwili: nguvu na kitu cha kujenga mwili, ile tunayoita proteini. Nafaka zote zinatoa nguvu. Muhindi inazishinda: kilo moja inampa kuku karibu kalori 3.300. Mtama unaikaribia sana. Shayiri iko chini, karibu 2.750, lakini ina proteini kidogo zaidi: karibu gramu 11 katika 100, na muhindi ni 8 au 9. Kuku anayetaga anahitaji karibu 16. Kwa hiyo tusidanganyane: hakuna nafaka hata moja inayotosha peke yake. Mtu anayempa kuku muhindi tupu anatumia franka mingi na bado mayai hapati.

Sasa shayiri yenyewe. Inalimwa mahali pa baridi: Ethiopia, milima ya Kenya kama Mau Narok na Timau, kaskazini ya Tanzania, na Kapchorwa kule Uganda. Nyingi inanunuliwa na viwanda vya pombe. Punje wanazozikataa kwa sababu hazioti vizuri ndizo zinazokwenda kwa nyama wa kufuga, na hapo inakuwa rahisi. Kasoro yake ni utelezi. Ndani ya punje kuna kitu kinachofanya tumbo la kuku kuwa kama ulimbo, mavi yananata, mayai yanachafuka. Vifaranga hawaiwezi. Kwa kuku wakubwa, loweka usiku mmoja, na isipite sehemu moja juu ya tatu ya chakula chote. Jambo lingine, haina rangi ya muhindi wa njano, kwa hiyo kiini cha yai kinakuwa cheupe na wanunuzi wanakataa. Mpe kuku majani mabichi, rangi inarudi.

Kwetu shayiri haiji kwa gunia, lakini inakuja kwa mlango mwingine. Ng'ambo ya mpaka, pale Gisenyi, kuko kiwanda cha pombe cha Bralirwa, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1957. Pombe inatengenezwa kwa kimea, ndiyo kusema shayiri iliyooteshwa halafu ikakaushwa. Wakisha kuikamua, yanabaki machicha, wengine wanaita dreshi kwa Kifaransa. (Mwenzangu mmoja aliniuliza kama ni halali kwa kuku wa familia ya kanisa. Nilimjibu kwamba kinywaji kimekwisha kwenda njia yake, kuku anabaki na maganda.) Machicha ya pombe ya mtama inayopikwa hapa mitaani ni ndugu yao.

Machicha ni kitu kizuri, lakini watu wanayaelewa vibaya. Wanafikiri yanachukua nafasi ya muhindi. Hapana. Sukari na nguvu zimekwenda ndani ya pombe. Iliyobaki ni proteini na maganda. Kwa hiyo yanasaidia kupunguza soya, si muhindi. Tena yakiwa mabichi ni maji matupu: katika kilo 10 utapata chakula kikavu kilo 2 tu ao 2 na nusu. Kabla ya kufurahia bei, fanya hesabu hiyo.

Na hapa niseme kosa langu. Nilipata ndoo mbili kwa bei ya chini, nikaziacha ndani ya gunia. Siku ya nne zilikuwa zinanuka uchachu na juu kulikuwa kuvu nyeupe. Nikasema moyoni, kuku hachagui. Ndani ya juma moja saba walikufa katika kumi na mmoja. Majirani walisema ni tauni ya kuku. Lakini wale wanne waliobaki walikuwa wanaatamia mayai ndani ya nyumba, nao walikula muhindi tu, machicha hawakuyaonja. Tauni haichagui namna hiyo. Trimestre ile mama aliuza kitenge ili nisifukuzwe masomoni. Sumu ya kuvu haionekani kwa macho, na hata ukipika haikwishi. Chakula chenye kuvu, cha nafaka yoyote, mtu asile na kuku asile.

Siku hizi ninayatandaza machicha siku ile ile yanapofika, juu ya bashi, unene wa kidole kimoja tu, na ninayageuza mara kwa mara. Mawe meusi ya volkano yanachemka na jua, na ni kitanda kizuri cha kukaushia. Hapo tu volkano imetusaidia. Jua lisipotoka, sinunui. Na katika kilo 10 za chakula natia kilo 1 ya machicha makavu, sizidishi sana.

Nafaka ninayoipenda kuliko zote ni mtama. Ule mweupe hauna shida, unaingia mahali pa muhindi karibu yote. Ule mwekundu wenye uchungu ndio mara nyingi wa bei ya chini, na ndio wenye hila. Tafuna punje chache: ukisikia ulimi unakauka na kukaza, kama unatafuna ndizi mbichi, ujue uko na tanini. Tanini inashika proteini isiingie mwilini, kuku anakula lakini hanenepi wala hatagi. Dawa yake wazee wanaijua tangu zamani. Kule Rwanda na upande wa Kabale, Uganda, mtama wa namna hii wanauloweka na majivu ya kuni kabla ya kutengeneza kinywaji. Tufanye vilevile: changanya majivu na maji yawe kama uji mwepesi, loweka mtama usiku mzima, asubuhi osha vizuri maji mawili matatu, halafu anika. Lakini usiuache uote na kuwapa kuku ile miche michanga. Miche ya mtama ina sumu, jamaa ya ile ya muhogo mchungu.

Kwa kilo 10 nachanganya hivi: mtama kilo 4, muhindi 2, pumba kilo 1 na nusu, soya kilo 1, sambaza kavu gramu 700, maganda ya mayai yaliyosagwa gramu 700, na chumvi gramu 30, si zaidi. Nikiwa na machicha, yanaingia kilo 1, na napunguza pumba kilo nzima. Soya lazima ikaangwe kwanza. Ikiwa mbichi inazuia proteini kama tanini. Maganda ya mayai yasagwe kabisa, kuku asitambue kwamba ni yai, ao ataanza kudonoa yake mwenyewe. Sambaza ni ghali, najua, lakini zile zilizovunjika chini ya gunia wauzaji wanaziacha kwa bei ndogo, na kuku haulizi kichwa kiko wapi. (Samaki huyu naye ni mgeni kama shayiri: alitolewa Tanganyika na kuletwa ndani ya Kivu karibu na mwaka 1959.) Kilo hizo 10 zinatosha kuku kumi kwa siku kama kumi. Muhindi ndani yake ni kilo 2 tu. Zamani ningemaliza 10.

Jambo la mwisho wageni hawalijui. Tusimwage nafaka asubuhi mapema katika mashimo na mabonde, hasa upande wa ziwa. Ni mazuku. Hewa ile nzito inatoka ndani ya ardhi, inajikusanya chini usiku wakati hakuna upepo, na haina rangi wala harufu. Mtu mzima anapita kichwa kikiwa juu yake, lakini kuku anainamisha kichwa kuokota punje na hainuki tena. Ukiona panya ao wadudu wamekufa mahali pamoja bila sababu, usiingie kumtafuta kuku, na mtoto asitumwe. Jenga banda mahali pa juu, ulishe hapo hapo juu, na usifungue mlango mpaka jua limetoka na upepo umeanza.

Mwenye mtama asioujua alete kopo moja siku ya Posho, wakati wa mapumziko. Tutautafuna pamoja.

Mwanafunzi wa mwaka wa tano