UTELEZI WA BARABARA ZA MILIMANI: KWA NINI BREKI PEKE YAKE HAITOSHI

Kila mwaka, majira ya baridi yanapofika katika nchi za kaskazini, husikika habari za magari yaliyoteleza juu ya theluji na barafu. Msomaji wa Mbulu au Hanang huweza kudhani kwamba habari hizo hazimhusu, kwa kuwa theluji ya Tanzania iko kileleni mwa Kilimanjaro, mahali pasipo na barabara. Lakini kanuni ya fizikia inayoliangusha gari mtaroni juu ya barafu ndiyo hiyo hiyo inayoliangusha bondeni juu ya tope la masika.

Mji wa Mbulu uko juu ya ukingo wa Bonde la Ufa. Barabara itokayo Mbuyu wa Mjerumani hupita Magara, kisha hupanda ukingo huo kwa kona kali. Nyingine hupanda kutoka Dareda kwenda Dongobesh. Katika miaka ya karibuni baadhi ya sehemu za Mlima Magara zimewekwa zege. Hata hivyo barabara nyingi za wilaya hizi ni za udongo na changarawe, na mvua na ukungu huzikuta mara kwa mara.

Msiba uliotokea jirani haujasahauliwa. Tarehe 6 Mei 2017, siku ya mvua, basi lililobeba wanafunzi wa shule ya msingi kutoka Arusha lilitumbukia katika korongo la mto huko Rhotia, wilayani Karatu, lilipokuwa likiteremka. Walikufa wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Ajali huwa na sababu nyingi, na si kazi ya makala haya kuhukumu. Lakini kila anayesafiri katika milima hii anapaswa kuelewa kinachotokea baina ya tairi na barabara.

Msuguano ni nini?

Gari halisimamishwi na breki. Breki huzuia gurudumu lisizunguke; kinachosimamisha gari ni kani ya msuguano baina ya tairi na barabara. Kani hiyo ikigawanywa kwa kani inayoigandamiza tairi juu ya barabara, hupatikana namba iitwayo kizigeu cha msuguano. Juu ya lami kavu namba hiyo hukaribia 0.7. Juu ya tope la udongo wa mfinyanzi huweza kushuka hadi 0.2, na juu ya barafu hadi 0.1 au chini ya hapo.

Sababu ya utelezi ni ya namna moja. Chembe za mfinyanzi ni bapa na ndogo mno, chini ya milimita 0.002, maji yakiingia kati yake, chembe hizo huteleza moja juu ya nyingine kama kurasa za kitabu kilicholowa. Kuhusu barafu, mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday alipendekeza mwaka 1850 kwamba uso wake hufunikwa na utando mwembamba wa maji hata kabla haijayeyuka. Pande zote mbili, tairi halishiki kitu kigumu, bali hukaa juu ya utando unaoteleza.

Hesabu ya mteremko

Gari liendalo kilomita 60 kwa saa hupita mita 17 katika sekunde moja, yaani kabla dereva hajagusa breki. Baada ya breki kushika, katika tambarare, gari huhitaji mita 20 ili lisimame juu ya lami kavu, mita 71 juu ya tope, na mita 142 juu ya barafu.

Sasa na tuufikirie mteremko unaoshuka mita 1 kwa kila mita 10. Hapo uzito wa gari wenyewe hulivuta chini na kuila nusu ya msuguano wa tope. Gari lile lile litahitaji mita 142. Kwa maneno mengine, tope la mteremkoni ni sawa na barafu ya tambarare. Na mteremko ukifikia mita 1 kwa mita 5, msuguano wote huliwa: gari likishaanza kuteleza halitasimama, hata kama breki zake ni mpya.

Hesabu hiyo hiyo inatoa pia tumaini. Umbali wa kusimama hufuata mraba wa mwendo. Katika mteremko wetu wa kwanza, dereva anayekwenda kilomita 20 kwa saa atasimama ndani ya mita 16. Hivyo uamuzi wa kuokoa maisha hufanywa juu ya mlima, kabla ya kuanza kuteremka, wala si kwenye kona.

Makosa ya madereva

Kosa la kwanza ni kutoa gia ili kuokoa mafuta. Lori la tani 10 likishuka mita 100 za wima hutoa nishati inayotosha kuchemsha takriban lita 29 za maji baridi. Injini isipoizuia, karibu nishati yote hiyo huingia katika breki, nazo huchoka kwa joto. Dawa yake ni gia ndogo tangu mwanzo wa mteremko.

La pili ni kukanyaga breki kwa ghafula. Gurudumu lililofungwa halitii usukani. La tatu ni kutumia matairi yaliyokwisha meno, ambayo hayawezi kuchimba tope wala kuyatoa maji.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 huhesabu kuendesha bila uangalifu kuwa kosa. Kibao cha mwendo huonyesha ukomo tu. Hakijui kama mvua imenyesha.

Jaribio la darasani

Walimu wanaweza kulionyesha jambo hili bila vifaa vya maabara. Chukua ubao, upake udongo wa mfinyanzi, uuache ukauke. Weka juu yake katambuga kuukuu, ambalo soli yake ni tairi halisi, na ulikandamize kwa jiwe. Inua ncha moja ya ubao polepole mpaka katambuga lianze kuteleza. Pima kimo cha ncha hiyo, kisha ukigawanye kwa urefu wa sakafu ulio chini ya ubao. Jibu ni kizigeu cha msuguano. Nyunyiza maji, urudie.

Kisha wanafunzi watoke nje, wapime kwa kamba na timazi mteremko wa barabara iliyo karibu na shule, na kulinganisha namba hizo mbili. Ikiwa mteremko unakaribia kizigeu cha tope, kijiji kizima kinastahili kuambiwa kabla ya mvua za masika.