Shimo la Mawe Linavyoweza Kugeuka Msitu

Wakazi wa Gatuanyaga wanayajua mashimo yanayobaki mawe ya kujengea yakiisha. Lori la mwisho huondoka, mvua hujaza shimo maji, na mzazi hukosa amani mtoto akichelewa kutoka shuleni. Je, ardhi kama hiyo inaweza kufufuliwa?

Mfano upo hapa nchini. Kiwanda cha saruji cha Bamburi, Mombasa, kilianza kuchimba mawe ya matumbawe mwaka wa 1954. Kufikia 1971 kilikuwa kimeacha uwanja mkubwa wa mwamba mtupu, wenye maji ya chumvi. Mtaalamu wa kilimo Rene Haller alijaribu aina 26 za miti. Ni tatu tu zilizostahimili, mvinje ukiwa mmojawapo. Mizizi ya mvinje huishi na vijidudu vinavyoupatia mti naitrojeni kutoka hewani, hivyo hauhitaji udongo wenye rutuba.

Lakini majani yake yalirundikana bila kuoza. Haller akaleta majongoo. Waliyala majani hayo, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo mpya. Miti mingine ikapandwa, ndege na wanyama wakafuata. Leo eneo hilo ni Haller Park, ambako watoto wa shule huenda kuona twiga na viboko.

Gatuanyaga si Pwani, kwa hivyo miti haitakuwa ileile. Hapa migunga na mihuti, ambayo pia hurutubisha udongo, inaweza kutangulia, kisha mikuyu na miringa ifuate. Utaratibu ni uleule: udongo kwanza, wanyama baadaye. Kazi hii huchukua miaka mingi, na huwa nafuu zaidi ikipangwa kabla ya kuchimba.

Kabla ya kukodisha shamba lako kwa mchimbaji:

- Hakikisha ana leseni ya NEMA inayotolewa baada ya tathmini ya athari kwa mazingira.
- Andikeni katika mkataba nani atasawazisha shimo na kupanda miti, na lini.
- Udongo wa juu utengwe kando, usiuzwe.
- Shimo lililo wazi lizungushiwe ua.

Sheria ya mazingira ya 1999 inaipa NEMA uwezo wa kumwamuru aliyeharibu ardhi airejeshe. Ukiona shimo lililotelekezwa, mjulishe chifu au msimamizi wa wadi kabla ya mvua kuanza.